Refa Anasahihisha Tanzia Yake

Mimi ndiye ninayewaandika watu wakifa. Marais na matajiri wakubwa wana waandishi wao, na wakifa gazeti zima linavaa nyeusi bila mimi kuulizwa. Wangu ni wale ambao ukisikia wamekufa unasema, "Ah, kumbe alikuwa bado yupo?" Msoma hali ya hewa wa redioni. Mshindi wa tatu wa mashindano ya urembo. Yule bwana aliyekuwa anatangaza ndondi kwa sauti ya mtu mwenye homa. Kila Jumapili, ukurasa wa kumi na nne, safu mbili na picha ndogo. Ofisini wananiita Mama Tanzia, na baada ya miaka kumi na tisa nimeshazoea, hata simu ya mezani nikiipokea nasema, "Tanzia hapa."

Watu wanadhani kazi hii ni ya kulia. Wapi! Ni kazi ya kupiga simu na kubishana. Wafiwa wote wanasema yaleyale: marehemu alikuwa mpole, mcheshi, mpenda watu. Ukiwasikiliza wao, duniani hajawahi kufa mtu mkorofi. Kwa hiyo mimi huwa nauliza, "Kitu gani kilikuwa kinamuudhi?" Mjane anacheka huku analia, ananiambia mumewe hakuweza kuvumilia mlango wa kabati ulioachwa wazi. Hapo nimeshampata mtu wangu.

Na kwa sababu kifo hakipigi hodi, tanzia nyingi naziandika mapema. Akitimiza mtu sabini, au nikisikia amelazwa, namfungulia jalada na kuliweka kwenye droo ya chini. Namba zao kwenye simu yangu zote zinaanza na neno moja: Mtarajiwa. Mtarajiwa Ndondi. Mtarajiwa Hali ya Hewa. Najua, ni uchuro. Mume wangu aliyaona majina hayo siku moja akaniuliza yeye nimemwandika vipi. Nikamwambia atulie, bado hajawa maarufu.

Nikiwapigia siwaambii kwamba ni tanzia. Nasema naandaa makala ya kumbukumbu. Mzee anafurahi, ananitajia mwaka aliozaliwa, mwaka aliostaafu, na namba ya jezi yake. Ni uongo mdogo wa kikazi, na sijawahi kuukosea usingizi.

Jumatano moja asubuhi nilimtumia ujumbe Mtarajiwa Refa, mzee wa miaka sabini na minne, kumuuliza alistaafu lini. Akanijibu vizuri, na dua juu. Nikamalizia tanzia yake. Utaratibu wetu ni kwamba nikimaliza namtumia Mhariri kwa simu, aisome na kuihifadhi. Basi nikaibandika kwenye ujumbe, nikatuma, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikaona imeshasomwa. Nikashangaa, maana Mhariri hajawahi kusoma kitu chochote ndani ya dakika tano. Nikatazama juu ya ujumbe kuona umekwenda kwa nani.

Umekwenda kwa marehemu.

Hiki ndicho mzee wa watu alichokisoma akiwa sebuleni kwake: "Refa mstaafu wa soka, aliyechezesha mechi zaidi ya mia nne, amefariki dunia siku ya (jaza) kwa ugonjwa wa (jaza). Atakumbukwa zaidi kwa fainali ya miaka thelathini na tatu iliyopita, alipokubali goli la dakika ya mwisho ambalo kipa alidai lilifungwa kwa mkono. Refa alisisitiza hadi mwisho wa maisha yake kwamba hakuona mkono wowote."

Nilikuwa bado natafuta namna ya kuufuta ule ujumbe simu ilipoita. Nikapokea kwa sauti ya mtu aliyekutwa jikoni kwa watu.

"Mwanangu," akasema Refa, taratibu kabisa, "nimeisoma. Umeandika vizuri."

"Mzee wangu, naomba unisamehe sana. Sijui hata nianzie wapi."

"Kuna makosa mawili tu. La kwanza, mechi ni mia tatu themanini na sita. Usiniongezee." Akashusha sauti. "La pili siwezi kulisema kwenye simu. Njoo nyumbani."

Nilikwenda kwanza kwa Mhariri kuungama. Akavua miwani, akanitazama kama daktari anavyotazama kidonda.

"Umemuua mtu kwa simu?"

"Yuko mzima. Ndiye aliyenipigia."

"Nenda ukamwangukie miguuni. Akitushtaki, tanzia ya kwanza nitakayoandika kwa mkono wangu ni yako."

Mlango ulifunguliwa na mke wa Refa, mama mfupi mwenye kanga mbili na macho yasiyo na mchezo. Akanipima kuanzia kichwani hadi viatuni. "Ndiye wewe uliyenifanya mjane asubuhi yote hii?" Nikataka ardhi ipasuke. Lakini akanishika mkono, akanivuta ndani, na nikaona kwamba midomo yake inapigana na kicheko.

Sebule ilikuwa ya watu wanaoheshimika mtaani. Vitambaa vya kufumwa kwenye viti, picha za timu ukutani, na kwenye rafu viatu vyeusi vya uwanjani vimepigwa rangi hadi vinang'aa. Nilikuwa najua, maana niliandika mwenyewe, kwamba kila Jumamosi huwa anawafundisha vijana ishirini na wawili kazi ya urefa, bure, kwenye uwanja wa shule. Mtaa mzima unamwita Mzee Haki.

Alikuwa amekaa na simu mapajani, tanzia yake bado iko wazi.

"Sentensi ya mwisho," akasema. "Ifute."

"Niandike nini, mzee?"

"Andika niliuona." Hakunitazama. "Nilikuwa hatua sita. Mshambuliaji aliinua mkono, mpira ukamgonga hapa." Akagusa kifundo cha mkono wake. "Ukaingia. Nikapuliza kipenga, nikaonyesha katikati ya uwanja."

Kalamu nilikuwa nayo lakini sikuandika. Goli lile limebishaniwa kwenye vijiwe vyote kabla hata sijaolewa. Hakukuwa na kamera upande ule, kila mtu alikuwa na jibu lake, na mwenye jibu la kweli alikuwa amelikalia miaka thelathini na tatu.

"Ulihongwa?"

"Hakuna aliyenipa kitu. Bora hata ningehongwa, ningekuwa na la kusema." "Walikuwa maelfu, na kati yangu na wao kuna waya mmoja tu. Nilimtazama mshika kibendera, akainamisha macho chini. Nikaogopa. Niliogopa tu, mwanangu, hakuna zaidi."

Yaliyofuata nilikuwa nayajua kama kila mtu. Kipa alimkimbilia refa akamsukuma kifuani. Kadi nyekundu. Akafungiwa miaka miwili, na ilipokwisha hakuna timu iliyomtaka. Watu walisema mpira ulimponyoka mikononi, akatafuta pa kujifichia. Wakampa jina: Kisingizio. Jina hilo limemfuata kila alikohamia, mpaka kwenye duka lake la kutengeneza feni na pasi. Na mimi nilikuwa na jalada lake kwenye droo ileile, maana mwaka huu amelazwa mara mbili kwa ugonjwa wa moyo.

"Kwa hiyo nikifa," Refa akamalizia, "uandike hivyo. Ukweli wote. Nimekupa ruhusa."

Nina ubaya wangu mmoja: nikipandwa na hasira siangalii umri wa mtu. Na pale zilinipanda.

"Hapana, mzee. Siandiki."

"Huandiki?"

"Ukishakufa nani atanithibitishia? Watasema Mama Tanzia kamsingizia marehemu, na mkeo atakuja kunipiga kwa viatu hivyo vya rafuni. Na Kipa je? Wewe unatembea, unakwenda uwanjani kila Jumamosi. Yeye moyo wake unamsumbua. Akitangulia yeye, unajua nitamwandika vipi?" Nikatoa simu, nikafungua jalada la Kipa, nikamwekea mbele ya macho. Nililiandika mwenyewe mwezi wa tatu, na nilijisifu kwamba nimemtendea wema. *Kipa aliyedai mpaka mwisho.* "Utamwacha azikwe na hii?"

Akasoma. Akarudia kusoma. Hasira zikaanza kunishuka, nikaona haya.

"Nina vijana ishirini na wawili," akasema. "Kila Jumamosi nawaambia, jicho la refa halidanganyi. Nitasimama vipi mbele yao?"

Jibu lilitoka mlangoni kwa jikoni, ambako mke wake alikuwa amesimama na kitambaa cha vyombo begani.

"Miaka thelathini na tatu nalala na hiyo mechi kitandani," akasema. "Ukigeukia huku, nayo inageukia huku. Baba, nimechoka kulala watatu."

Refa akamtazama mkewe. "Kumbe ulikuwa unajua?"

"Mtu anayesema 'mkono, mkono' usingizini, mkewe atakosa kujua? Nilikuwa nakusubiri wewe. Haya, vaa viatu."

Akavaa. Mama alikataa kuja nasi. "Nikienda," akaniambia pembeni, "atanitazama mimi badala ya kumtazama yule bwana." Basi tukaingia kwenye teksi wawili, mimi na mtarajiwa wangu. Alikuwa amefunga vifungo vyote vya shati mpaka shingoni, na jasho lilikuwa linamtoka.

Duka la Kipa liko katika safu ya maduka madogo nyuma ya soko. Feni mbovu zimening'inia darini, pasi zimepangwa sakafuni, na harufu ya waya ulioungua inakukaribisha tangu barazani. Yeye mwenyewe alikuwa ameinama juu ya mota ya feni, anazungushia waya wa shaba mwembamba kwa mikono mikubwa ajabu. Akainua kichwa. Akamwona Refa. Hakushtuka, hakusimama.

"Feni imeharibika?"

"Hapana," akasema Refa.

"Pasi?"

"Hapana."

"Basi umekosea duka."

Nilitaka kuingilia, kazi yangu ni maneno. Lakini kuna maneno ambayo ukimsemea mwenyewe unamwibia. Nikajikaza, nikafunga mdomo. Refa alishika ukingo wa meza.

"Niliuona mkono," akasema. "Siku ile. Nilikuwa hatua sita, niliuona, nikakubali goli. Nilisema sikuona, nikakuacha ubebe wewe. Sikuja kuomba kitu. Nimekuja useme unavyotaka."

Kipa aliendelea na waya wake. Mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Nilianza kuogopa, nikikumbuka ule moyo wake, na nikakumbuka pia kwamba mikono ile iliwahi kumsukuma mtu kifuani mbele ya uwanja mzima. Mwisho akakata waya, akaweka mota chini na kujifuta mikono.

"Sema tena."

Refa akasema tena, yote, tangu hatua sita.

"Njoo," akasema Kipa, akatoka nje.

Tukamfuata. Duka la jirani ni la kinyozi, na ndani kulikuwa na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Kipa akasimama mlangoni. "Mwambie," akamwambia Refa. Refa akamtazama kinyozi, akamtazama mteja, akasema. Mashine ya kunyolea ikabaki inanguruma hewani.

"Kwa hiyo ni kweli?" akauliza kinyozi. "Na mimi leo hii asubuhi nimekwita Kisingizio."

"Umeniita kila asubuhi," akasema Kipa. "Twende."

Fundi cherehani, mama mnene mwenye pini mdomoni, alisikiliza yote, akazitoa pini moja moja, kisha akamwuliza Refa, "Na hilo jambo umekaa nalo tumboni muda wote huo? Halikukuozea?"

"Limeniozea, mama."

"Hata sura inaonyesha," akasema, akazirudisha pini zake. Lakini alimsogezea kiti, na Refa akakikataa kwa kushukuru.

Muuza rangi alikuwa shabiki wa ile timu iliyoshinda, wa kufa na kuzikana. Refa alimwambia bila hata kusubiri kuamriwa, na nikaona kwamba mgongo wake umenyooka kidogo kuliko pale mlango wa kwanza. Muuza rangi akakunja uso. "Sasa mnataka nini? Kombe letu mturudishie?"

"Kombe ni lenu," akasema Kipa. "Na mkono ni wenu. Kaeni navyo vyote viwili."

Safu nzima ikacheka, hata mteja wa kinyozi, aliyekuwa ametufuata na nusu kichwa chake. Tulimaliza maduka tisa. Kwenye la mwisho, la magodoro, Refa alikuwa ameshaanza kusimulia na mambo ambayo hakumwambia mtu, mshika kibendera alivyoinamisha macho, alivyotapika kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Watu walikuwa wamejaa barazani. Baadhi walimwambia maneno makali, na aliyapokea yote amesimama. Hakuna aliyemgusa.

Tuliporudi dukani Refa alikuwa amechoka hoi, lakini aliniambia mwenyewe, bila mimi kumwuliza: "Iandike Jumapili hii. Usingoje nife. Na Jumamosi nitawaambia vijana wangu kwa mdomo wangu, kabla hawajasoma."

"Watakuacha wengine," nikamwambia. Sipendi kumdanganya mtu pale ambapo ameacha kudanganya.

"Watakaobaki watakuwa marefa," akasema.

Nilidhani tumemaliza. Nikafunga daftari. Kumbe Kipa alikuwa amesimama nyuma ya meza yake na simu mkononi, anaitazama tu, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona ana woga.

"Kuna mmoja bado," akasema.

Akanieleza mimi, maana kwa Refa alikuwa hawezi. Ana mtoto mmoja wa kiume, mtu mzima sasa, fundi wa mitambo kwenye kiwanda mji wa mbali. "Akiwa darasa la sita alirudi nyumbani na jino limevunjika. Alipigana na watoto wanne kwa kunitetea. Mwaka uliofuata akapigana tena. Alipofika kidato cha pili akaacha." Akavuta pumzi. "Hakuniambia kitu. Aliacha tu kunitetea. Tukiwa mezani mtu akitaja mpira, anaondoka. Sijawahi kumwuliza. Mtoto nitamwuliza nini, kwamba unaniona mwongo?"

Akapiga, akaweka sauti ya nje, akaiweka simu juu ya meza katikati ya vipande vya waya. Ikaita muda mrefu. Ikapokewa, na nyuma yake ngurumo za mashine.

"Baba? U mzima? Moyo?"

"Niko mzima. Kuna mtu hapa anataka kusema na wewe. Msikilize mpaka mwisho."

Refa akainama juu ya simu ile kama mtu anayesoma maandishi madogo. Alisema yeye ni nani. Akasema lile neno lake kwa mara ya kumi na tatu siku hiyo, na ndiyo iliyomshinda kuliko zote, sauti ikamkatika mara mbili. Alipomaliza, upande wa pili tulisikia hatua, mlango ukafungwa, ngurumo zikapungua.

"Ulikuwa umbali gani?" akauliza mtoto.

"Hatua sita."

"Jua lilikuwa linakupiga machoni?"

"Lilikuwa mgongoni kwangu."

"Kulikuwa na wachezaji mbele yako?"

"Hapakuwa na mtu, mwanangu. Niliona wazi."

Nikaelewa kwamba maswali haya alikuwa nayo tangu kidato cha pili. Kila njia ambayo baba yake angeweza kuwa amekosea, mtoto alishaipita peke yake, na sasa zilikuwa zinafungwa moja moja. Kipa alikuwa ameshika meza kwa mikono yote miwili.

"Baba yupo hapo?"

"Nipo."

"Baba, mimi sikukuamini."

"Najua."

"Miaka yote hii, baba. Hata mke wangu nilimwambia—"

"Najua, mwanangu. Nilijua tangu ulipoacha kunitetea." Uso wa Kipa ulikuwa umelowa lakini sauti ilikuwa shwari kabisa, sauti ya mzazi. "Umekula?"

Mimi nimewazika watu karibu elfu moja kwa kalamu, na sijawahi kulia kazini. Siku ile niliegemea feni mbovu ya mtu, nikalia mpaka Refa akanipa leso yake.

"Bado," ikasema ile sauti kwenye simu, kwa taabu.

"Basi nenda ukale kwanza," akasema Kipa. Akavuta kiti, akakaa, kama mtu mwenye muda wake. "Halafu unipigie. Sijawahi kukusimulia ile mechi."